Mtoto anavyoumbika tumboni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya yanarudi kila mara: kwa akina mama wanaosubiri zamu ya CPN (kliniki ya wajawazito), kwa waume zao, kwa wanafunzi wa sekondari, na kwa wachimbaji wanaotaka kujua ukweli kabla ya kuoa. Tumeanza na ya msingi, tukaishia na yale ya pembeni. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, tunakupa namba yake tu. Ukurasa huu hauchukui nafasi ya daktari wako.

## Msingi

1. Biolojia ya ukuaji ni nini, na sisi inatuhusu nini?

Ni elimu inayochunguza jinsi seli moja, yai lililorutubishwa, inavyogeuka mwili mzima wenye macho, figo na vidole kumi. Inauliza seli zinajuaje pa kwenda, na kitu gani kinaharibika pale mtoto anapozaliwa na kasoro. Kwa mji uliojengwa juu ya shaba, wenye mlima wa takataka za foro (tanuru la kuyeyushia shaba) unaoonekana kutoka karibu kila kartye (mtaa), swali hilo la pili halikai kwenye vitabu tu. Tazama namba 9.

2. Mtoto anaanza kuumbika lini hasa?

Mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Yai na mbegu hukutana kwenye mrija wa mayai, kabla ya kufika kwenye mfuko wa uzazi. Seli moja inagawanyika kuwa mbili, nne, nane, na ikifika siku ya tano au ya sita pana kifuko kidogo cha seli ambacho huanza kujipachika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi.

Juma la tatu ndilo lenye kazi nzito. Seli zinahama, nyingine zinazama ndani, zinajipanga tabaka tatu. Tabaka la nje litatoa ngozi, ubongo na neva. La kati mifupa, misuli, moyo na damu. La ndani utumbo, ini na mapafu. Lewis Wolpert, mwanabiolojia aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi Uingereza, alikuwa akisema kwamba hatua hii ni kubwa katika maisha ya mtu kuliko kuzaliwa, kuoa au kufa. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Kisha unakuja mrija wa neva. Bapa la seli upande wa mgongo linainuka pembeni na kujikunja, kama mtu anavyokunja mkeka hadi kingo mbili zikutane katikati, halafu kingo hizo zinashikana kuanzia kati kwenda juu na chini. Juu patakuwa ubongo, chini uti wa mgongo. Kazi hiyo inakamilika karibu siku ya 28 tangu mimba itungwe. Moyo umeanza kupiga karibu siku ya 22. Vichipukizi vya mikono vinatokeza katika juma la nne, na kufikia juma la nane vidole vimeshaachana, kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zimekufa zenyewe kwa mpango.

Baada ya juma la nane hatusemi tena kiinitete, tunasema kijusi. Viungo vikubwa vimeshawekwa mahali pake. Kazi inayobaki zaidi ni kukua na kukomaa. Ubongo ndio unaochelewa, na unaendelea kujijenga hata baada ya kuzaliwa.

3. Mbona majuma yenu hayalingani na ya materniti?

Materniti wanahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo tarehe mama anayoikumbuka. Sisi hapa tunahesabu tangu mimba kutungwa. Tofauti ni kama majuma mawili. Ukiambiwa una mimba ya majuma sita, kiinitete chenyewe kina majuma manne, na mrija wa neva umeshafungwa, au umeshashindwa kufungwa. Wengi wakati huo ndiyo kwanza wanaona hedhi imechelewa. Kumbuka hesabu hii ukifika namba 7.

4. Nani anaamua mtoto awe wa kike au wa kiume?

Mbegu ya baba. Yai la mama lina kromosomu X daima. Mbegu inaleta X au Y. Kwenye Y kuna jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, na ndiyo inayowasha njia ya kiume. Hadi karibu juma la sita viinitete vya kike na vya kiume vina chipukizi zilezile za tezi za uzazi, huwezi kuzitofautisha kwa umbo.

Kwa hiyo mume anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya mabinti watano analalamikia mbegu zake mwenyewe. Naye hakuzichagua.

5. Naweza kuona kiinitete kwa macho yangu, bila maabara?

Ndiyo, kwenye yai la kuku. Tafuta yai la kuku wa kienyeji anayeishi na jogoo. Mayai mengi ya dukani hayana mbegu. Likishaatamiwa siku tatu, subiri giza liingie, shika simu, washa tochi na uibandike kwenye upande butu wa yai, ukiziba kwa mkono mwanga unaovuja pembeni. Ganda linang'aa rangi ya chungwa, na ndani utaona mishipa myembamba ya damu imetawanyika kutoka kwenye doa moja. Mwalimu akitoboa dirisha dogo juu ya ganda, darasa zima linaona doa jekundu, dogo kuliko punje ya mtama, linapiga. Huo ni moyo. Kifaranga atatoka siku ya 21.

## Watoto wanaozaliwa na kasoro

6. Mtoto akizaliwa na mdomo sungura au mguu uliopinda, ni kwa sababu mama alimcheka mlemavu?

Hapana. Wala si laana, wala si jirani. Uso wa mtoto unajengwa na vipande vinavyoota kutoka pande tofauti na kukutana katikati. Mdomo wa juu unashikana kati ya juma la nne na la saba, na kaakaa baadaye kidogo. Vipande visipokutana kwa wakati, pengo linabaki. Mama anayeonywa asicheke watu barabarani akiwa na tumbo la miezi saba anaonywa juu ya uso ulioshikana miezi mingi nyuma.

Sababu zenyewe ni mchanganyiko: jeni, upungufu wa lishe, kisukari kisichotibiwa, maambukizi kama rubela, baadhi ya dawa, pombe, sumu za mazingira. Mara nyingi, kwa mtoto mmoja mmoja, daktari hataweza kukuonyesha chanzo kimoja na kusema ni hiki. Jibu hilo ni gumu kulipokea, najua, na ndiyo maana wanaouza majibu mepesi hawakosi wateja.

7. Nilimeza vidonge vyote vya CPN. Kwa nini mtoto alizaliwa na mgongo wazi?

Kwa sababu ya tarehe, siyo kwa sababu ya uzembe wako. Mgongo wazi hutokea mrija wa neva usipofunga upande wa chini. Usipofunga juu, ubongo haujengeki na mtoto haishi. Asidi foliki, ambayo ni vitamini B9, inapunguza sana hatari hiyo, lakini lazima iwemo mwilini kabla ya siku ya 28. Akina mama wengi kwetu wanafika CPN ya kwanza mwezi wa nne au wa tano. Vidonge vya feri (madini ya chuma) na foliki wanavyopewa hapo vinasaidia damu, na inafaa kuvimeza vyote, ila mrija wa neva ulishafunga zamani.

Ushahidi wenyewe hauna utata. Jaribio kubwa lililoongozwa na Waingereza, lililotoa matokeo mwaka 1991, katika vituo 33 vya nchi saba, lilifuatilia wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hii. Foliki ilizuia takriban asilimia 72 ya kasoro hizo kurudi, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa jibu lilikuwa wazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kwa siku kuanzia pale mnapoanza kutafuta mimba hadi majuma 12 ya mimba. Aliyewahi kupata mtoto wa aina hiyo anahitaji dozi kubwa zaidi, miligramu 5, na hiyo aandikiwe na daktari.

Kwa maoni yangu, kidonge hiki kimewekwa mlango usio wake. Mahali pake ni kwenye mafundisho ya ndoa kanisani, kwenye uzazi wa mpango, kwa mama anayepeleka mtoto wa mwaka mmoja kwenye chanjo huku akifikiria wa pili.

8. Sombe (majani ya muhogo) na maharage havitoshi?

Vina folati, yaani foliki ya chakula, na vizuri uendelee navyo. Shida ni kwamba folati ya chakula inapotea kwa kuchemshwa muda mrefu, na sombe yetu inachemshwa haswa. Ndiyo maana nchi nyingi zimeamua kuitia foliki kwenye unga. Marekani walilazimisha mwaka 1998. Afrika Kusini waliiweka kwenye unga wa mahindi na wa ngano mwaka 2003, na kasoro za mrija wa neva zikapungua karibu theluthi moja. Uingereza, pamoja na kuongoza lile jaribio la 1991, ilisubiri hadi 2024 kupitisha sheria ya unga wa ngano. Unaponunua mfuko wa unga wa bukari (ugali), soma ubavuni kama umeandikwa kuongezwa vitamini.

## Madini na vumbi

9. Ni kweli madini yanaharibu watoto tumboni?

Kuna utafiti uliofanyika hapahapa Lubumbashi. Kati ya Machi 2013 na Februari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliandikisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana, wakawalinganisha na wachanga 108 wasio na kasoro. Walipima metali kwenye mkojo wa mama, kwenye damu ya kitovu na kwenye kondo, wakauliza juu ya kazi, chakula na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health.

Lililojitokeza zaidi ni kazi ya baba. Baba akiwa na kazi inayohusu madini, uwezekano wa mtoto kuwa na kasoro ulikuwa mkubwa mara 5.5 hivi. Upande wa pili, akina mama waliotumia vitamini wakati wa mimba walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Sasa lisomwe kwa uangalifu. Hiyo 5.5 ina upana mkubwa wa mashaka, kutoka 1.2 hadi 25, kwa sababu waliopimwa si wengi. Utafiti wa kulinganisha namna hii unaonyesha uhusiano, hauthibitishi chanzo. Pia metali kwenye miili ya wajawazito wa mji huu zilikuwa miongoni mwa nyingi zaidi zilizowahi kuripotiwa kwa wajawazito. Hapo ndipo pagumu: kila mtu akiwa amekula vumbi, wagonjwa na wazima, ni vigumu kwa hesabu kuonyesha vumbi limefanya nini. Anayesema utafiti umethibitisha kila kitu anazidisha chumvi, na anayesema haukuonyesha kitu hajausoma.

10. Kwa nini kazi ya baba, wakati mimba inabebwa na mama?

Kuna njia mbili zinazofikiriwa, na utafiti wa namba 9 hauzitenganishi. Ya kwanza ni mbegu zenyewe. Mbegu ya kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, na muda wote huo metali zinaweza kuharibu DNA yake. Mwaka 2018 watafiti walewale wa hapa na wa Ubelgiji walichapisha kazi kuhusu Kasulo, ile kartye ya Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao: wakazi, watoto hasa, walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto walikuwa na dalili za DNA kuharibika.

Njia ya pili ni vumbi linalorudi nyumbani na baba. Limekaa kwenye mikunjo ya suruali, kwenye viatu vya plastiki, kwenye mfuko uliobebea mawe ambao kesho utawekewa makaa. Mke anakung'uta shati, analiloweka kwenye beseni lilelile la nepi, na anavuta pumzi.

11. Mume wangu ni mchimbaji na tunatafuta mtoto. Tufanye nini, maana kazi hawezi kuacha?

Hatutakuambia aache kazi; tunajua bukari inatoka wapi. Abadilishe nguo na kuoga hukohuko kazini ikiwezekana, au uani kabla ya kuingia ndani. Nguo za kazi zioshwe peke yake, zilowekwe kwanza badala ya kukung'utwa, na beseni lake liwe lake. Mawe na mifuko ya madini visilale chumbani, hata kama uani kuna wezi. Sakafu ipigwe maji kabla ya kufagiwa. Mama mjamzito asiponde wala kuosha madini, kazi ambayo wanawake wengi wanaifanya mitoni wakiwa na mimba kubwa.

Kwa kuwa mbegu inatengenezwa miezi miwili na nusu, kupunguza vumbi miezi mitatu kabla ya kutafuta mimba kuna maana. Na mama aanze foliki, namba 7.

12. Na pemba, ule udongo wa kula, je? Nikiwa na mimba siwezi kulala bila kuila.

Hamu hiyo ni ya kweli, na mara nyingi inaandamana na upungufu wa damu. Lakini udongo unanasa feri tumboni isiingie mwilini, kwa hiyo unazidisha kiu uliyotaka kuikata. Unaweza kubeba mayai ya minyoo, na kutegemea ulikochimbwa, risasi na metali nyingine. Risasi inavuka kondo bila kizuizi. Ombeni kupimwa damu kwenye CPN, na mkishaanza feri wengi wenu mtaona hamu inapungua.

## Dawa, malaria, pombe

13. Dawa gani ni hatari kwa mtoto anayeumbika?

Mfano unaofundishwa dunia nzima ni thalidomaidi. Iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 kama dawa ya usingizi, na wajawazito wakaimeza kwa kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa 1961 watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamedhurika, wengi wakiwa na mikono mifupi au bila mikono. Kipindi cha hatari kilikuwa kifupi, takriban siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba kutungwa, zile siku za vichipukizi vya namba 2. Namna inavyodhuru ilieleweka vizuri mwaka 2018 tu: inasababisha protini iitwayo SALL4, inayohitajika kujenga viungo, ivunjwe.

Kwa leo, angalieni dawa ya kifafa iitwayo valproeti, ambayo inaongeza hatari ya mgongo wazi. Usiiache ghafla, kifafa nacho kinaua. Mwone daktari akubadilishie kabla ya mimba. Na kinini (vidonge) za kununua kwa rejareja kando ya soko, zisizo na boksi wala jina, ziacheni.

14. Nina malaria na mimba ya miezi miwili. Nivumilie?

Usivumilie hata siku moja. Malaria yenyewe inaua mimba na mama. Zamani miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya kwinini peke yake, kwa hofu iliyotokana na majaribio ya wanyama. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani, baada ya kuangalia data za wanawake wengi, lilikubali artemeta-lumefantrini itumike katika miezi hiyo pia. Ile SP ya kuzuia malaria ni habari nyingine: inaanza kuanzia mwezi wa nne.

15. Niliambiwa dawa mpya ya VVU inaleta mgongo wazi.

Uliambiwa habari ya mwaka 2018. Botswana kuna mradi uitwao Tsepamo unaoandika hali ya kila mtoto anayezaliwa katika hospitali nyingi za nchi. Mwaka huo ulikuta watoto 4 wenye kasoro ya mrija wa neva kati ya mimba 426 zilizotungwa mama akiwa kwenye dolutegravi, na dunia ikashtuka. Walichofanya ni kuendelea kuhesabu. Mimba zilipofika maelfu, tofauti ilitoweka, na sasa dawa hiyo inapendekezwa hata kwa wanaotaka kuzaa. Usiiache.

16. Glasi moja ya lutuku (pombe kali ya kienyeji)? Munkoyo (kinywaji cha mahindi)?

Lutuku hapana, bia hapana; hakuna kiasi kilichoonekana kuwa salama. Pombe inavuka kondo na ubongo wa mtoto unajengwa miezi yote tisa, kwa hiyo hakuna mwezi wa ruhusa. Munkoyo mbichi haina shida, ila ikikaa inachacha na kupata kilevi. Ya leo, siyo ya juzi.

## SS (ugonjwa wa selimundu)

17. Mtoto wangu alizaliwa mzima, SS ilitoka wapi baada ya miezi sita?

Alizaliwa nayo. Tumboni mtoto anatumia hemoglobini ya kijusi, ambayo haihusiki na kasoro ya SS na inanyonya oksijeni vizuri zaidi kutoka kwenye damu ya mama. Baada ya kuzaliwa mwili unaizima taratibu na kuwasha ya watu wazima, na hiyo ndiyo yenye kasoro. Maumivu, mikono kuvimba na macho ya njano vinaanza mabadiliko hayo yakikaribia mwisho.

Si ugonjwa wa familia chache. Kinshasa walipopima wachanga 31,204, asilimia 1.4 walikuwa SS na karibu asilimia 17 walibeba jeni moja. Pimeni kabla ya ndoa, na mpime mtoto akiwa mchanga, siyo baada ya kulazwa mara ya tatu.

18. Ni kweli sasa SS inapona?

Wanasayansi walijiuliza: kama hemoglobini ya kijusi inamlinda mtoto, kwa nini tusiiwashe tena? Waligundua kwamba swichi inayoizima ni jeni iitwayo BCL11A. Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha tiba inayokata swichi hiyo katika seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2, pamoja na kemotherapia na miezi ya hospitali. Kwa familia ya Katuba au Ruashi hapa mjini hiyo bado ni habari ya kusoma.

Habari ya kutumia ni hidroksiurea, kidonge cha zamani kinachopandisha hemoglobini hiyohiyo. Jaribio la REACH, lililotolewa mwishoni mwa 2018, lilifuatilia watoto 606 wa Angola, Kongo (Kinshasa), Kenya na Uganda. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo pia. Muulize daktari jina hilo kwa jina.

## Habari za maabara

19. Nilisikia wametengeneza mtoto bila yai wala mbegu.

Siyo mtoto. Mwaka 2023 maabara kadhaa, mojawapo ya Jacob Hanna huko Israeli, zilichukua seli shina za binadamu, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingi, na kuziacha zijipange zenyewe hadi zikafanana na kiinitete cha karibu siku 14. Zinaitwa modeli za kiinitete. Nyingi hazifanikiwi, na mwaka 2025 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina kiliandika katika miongozo yake kwamba ni marufuku kuzipandikiza katika mfuko wa uzazi wa mtu au mnyama. Faida yake ni kuchungulia juma la tatu, lile la namba 2, ambalo haliwezi kuonekana ndani ya mama.

20. Kwa nini siku 14?

Kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Mary Warnock ilipendekeza mwaka 1984 kwamba kiinitete cha maabara kisizidi siku hizo, na mwaka 1990 ikawa sheria yao. Karibu siku ya 15 mstari wa kwanza wa mwili unaonekana, na baada ya hapo kiinitete hakigawanyiki tena kuwa mapasa wawili kamili. Mwaka 2024 mamlaka ya uzazi ya Uingereza ilipendekeza mpaka usogezwe hadi siku 28. Kutamka hivyo bado si sheria.

21. Watoto wa wazazi watatu?

Wapo. Julai 2025 timu ya Newcastle, Uingereza, ilitangaza watoto wanane waliozaliwa na mama saba wenye ugonjwa wa mitokondria, zile mashine ndogo za nishati ndani ya seli. Kiini cha yai lililorutubishwa huhamishiwa kwenye yai la mfadhili lenye mitokondria nzima. Jeni za mfadhili ni chache sana. Sura, urefu na tabia vinatoka kwa wazazi wale wawili.

22. Mambo ya chura na samaki yanatusaidia nini?

John Gurdon, aliyefariki Oktoba 2025, alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka kwenye yai lililoondolewa kiini, akapata chura. Ikajulikana kwamba seli iliyokomaa haijapoteza maagizo yake. Kazi hiyo ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilimpa Nobel ya 2012 pamoja na Shinya Yamanaka. Chura wake, Xenopus, ni wa Afrika. Alianza kusafirishwa kwa wingi miaka ya 1930 kwa sababu alitumika kupima mimba: akidungwa mkojo wa mjamzito, hutaga mayai.

Mimi napenda zaidi samaki wa Nothobranchius. Jamaa zake wapo hata katika madimbwi ya msimu ya Katanga. Maji yakikauka wakubwa wote hufa, lakini viinitete vyao vinabaki ndani ya udongo vikiwa vimesimamisha ukuaji, miezi mingi, hadi mvua irudi. Namna ya kusimamisha ukuaji wa mwili bila kuuharibu ndiyo maabara nyingi zinayojaribu kuielewa sasa.

## Maswali ya pembeni

23. Chumvi ina uhusiano gani na akili ya mtoto?

Mkubwa. Mtoto hatengenezi homoni ya tezi ya shingo hadi karibu juma la 12, hivyo ubongo wake unategemea ya mama, na homoni hiyo inahitaji iodini. Ushahidi mzuri ulitoka nchini mwetu, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ambako kuanzia miaka ya 1960 watafiti, akiwemo François Delange, walikuta rovu nyingi na watoto waliodumaa akili na mwili. Walionyesha pia kwamba muhogo usioandaliwa vizuri unazidisha tatizo, kwa sababu sumu yake hugeuka kemikali inayoziba njia ya iodini. Loweka muhogo siku zake zote, nunua chumvi yenye iodini, na ifunike.

24. Mapasa wa kufanana wanatoka wapi?

Kutoka yai moja lililogawanyika ndani ya majuma mawili ya kwanza. Likichelewa zaidi ya hapo, wanaweza kuzaliwa wameungana. Wasiofanana ni mayai mawili na mbegu mbili, na hawa ndio wanaorithiwa upande wa mama. Kyungu na Kabange (majina ya mapasa kwetu) wakizaliwa mmoja mkubwa na mwingine mdogo sana, si kwamba mmoja kala chakula cha mwenzake kwa uchoyo. Mara nyingi ni kondo limegawana damu vibaya, na ekografia (ultrasaundi) ingeliona mapema.

25. Mapasa wanaweza kuwa na baba wawili tofauti?

Ndiyo, kwa nadra. Mama akitoa mayai mawili katika mzunguko mmoja, na akalala na wanaume wawili ndani ya siku hizo chache, kila yai linaweza kupata mbegu yake. Inathibitishwa kwa kipimo cha DNA tu. Kutofanana rangi au sura hakuthibitishi kitu. Mapasa wa mayai mawili wanatofautiana kama ndugu wengine wowote wa nyumba moja.